Mikono Yangu na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na tisa baba mkwe wangu hakuwahi kusema nami. Si kwamba tuligombana. Alinipenda, na nilijua ananipenda, kwa sababu kila msimu wa karanga gunia la kwanza lilikuja kwangu kabla ya kwenda kwa binti zake mwenyewe. Lakini kwao, katika vijiji vya Shinyanga alikozaliwa mume wangu, mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Hamshikani mikono, hamli sahani moja, hamtazamani usoni, na yeye hakanyagi chumba unacholala. Akiwa na neno kwangu alimpa mtoto. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mimi nimesimama hapo hapo, nimeshasikia, lakini nasubiri mtoto aniambie, kisha namjibu mtoto. Koo nyingine za Kisukuma zimeshalegeza mambo hayo. Mzee wangu hakulegeza hata kidogo.

Mimi nimezaliwa Geita mjini, kwenye makelele ya wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu, ambako mtu anaweza kumwita mkwe wake kwa mluzi asione ajabu. Nilipoolewa, utaratibu huo uliniudhi sana. Nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wote wanajua. Nilimwambia mume wangu kwamba baba yake ananifanya nijione ukuta. Akacheka, akasema ukuta haupelekewi gunia la karanga. Baadaye nikazoea, na baada ya kuzoea nikaona raha yake. Kuna utulivu fulani katika kupendwa na mtu ambaye hakutazami.

Wakati huo nilikuwa mnene, na unene wangu ulikuwa fahari yake. Niliambiwa kwamba mnadani, wenzake wakizungumzia mahari, alikuwa anasema ng'ombe zake wamekwenda mahali wanapoonekana. Mimi nikaendelea kuonekana. Watoto wawili, chapati za chumba cha walimu, soda ya saa nne, mpaka siku moja mizani ya zahanati ikasimama kwenye kilo mia moja na ishirini na sita, na mganga akaniambia sukari yangu inagonga hodi na magoti yangu yameshachoka kunibeba.

Sitasimulia sana nilivyopungua, maana watu wanataka kusikia dawa na dawa haikuwepo. Nilitembea kila alfajiri kutoka nyumbani kwetu Shinyanga mjini hadi stesheni ya reli na kurudi. Ugali nikaupima kwa ngumi yangu mwenyewe. Soda nikaiacha kwa matusi. Miaka miwili na nusu baadaye nilikuwa na kilo sabini na nne, napanda ngazi za shule nikiimba.

Watu wa mji wakasema nimekanyaga waya, yaani nina ule ugonjwa ambao mtu akikonda husingiziwa anao. Nilivumilia kwa miezi. Kisha asubuhi moja nikaweka karatasi ya majibu yangu ya vipimo katikati ya meza ya chumba cha walimu, kando ya birika, nikasema, "Anayetaka kusoma asome upesi, chai inapoa." Mwalimu wa hesabu aliisoma kweli, hana haya yule. Maneno yakaisha siku ile.

Kwa baba mkwe hayakuisha, na nisingeweza kumwekea karatasi mezani. Aliponiona nimepungua alinyamaza hata kwa watoto. Alikuja, alikaa sebuleni, alikula akitazama sakafu, akaondoka bila kumtuma mtu aniambie lolote, hata la chumvi. Mume wangu alinieleza. Kwao mke akikonda, ukoo mzima umeshindwa kumlisha. Mzee anaona haya, na anadhani tunamficha ugonjwa. Niliumia kuliko nilivyoumizwa na mji mzima. Nilitaka mzee ajue kwamba niko mzima na kwamba kwake sijawahi kushinda njaa. Lakini utamwambiaje mtu ambaye husemi naye?

Nilikuwa na shida nyingine, ya ngozi. Mwili ulipungua, ngozi haikupata taarifa. Tumboni niliifunga, mapajani niliificha, lakini mikononi ilining'inia kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, na joto la Shinyanga likafanya kazi yake: vipele, michubuko, harufu ya kidonda ambayo hakuna sabuni iliyoiondoa. Nilivaa mikono mirefu mwezi wa kumi, mwezi ambao hata mbuzi wanatafuta kivuli. Darasani nikaanza kuandika nusu ya chini ya ubao tu, kwa sababu nikiinua mkono ngozi ilicheza na watoto wakabana vicheko. Siku moja binti wa dawati la nyuma alinyoosha kidole, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, huku nyuma hatuoni, unaandika chini sana." Nilimjibu kwa ukali asiostahili. Jioni ile nikamwambia mume wangu kwamba nakwenda Mwanza kukatwa ngozi.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mdogo kwangu, mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia. Aliuliza kwanza kama uzito wangu umetulia. Nikamwambia ni mwaka mzima sasa. Akasema vizuri, maana anayekatwa huku bado anapungua, ngozi itamlegea tena. Akanishika mkono, akaukunja, akauvuta, akachunguza kovu langu la chanjo ya utotoni kuona kama ni la kuvimba.

"Mwalimu," akasema, "hapa unabadilisha ngozi kwa kovu. Litaanzia kwapani lishuke kwa ndani mpaka karibu na kiwiko, mikono yote miwili. Mwaka wa kwanza litakuwa jekundu na gumu. Baadaye litafifia, lakini halitaondoka. Kama hutaki kovu, rudi nyumbani, hatutakosana."

Nikasema nataka. Akaendelea. Kutakuwa na mrija kila upande wa kutolea majimaji kwa siku chache. Nitavaa mikono ya kubana, usiku na mchana, kwa wiki nyingi. Nitavimba mpaka vidole. Sehemu nyingine zitakufa ganzi, na ganzi hiyo huenda isirudi yote. Nile mayai, maharage, samaki na maziwa, maana kidonda hakifungwi na uji mtupu. Nisibebe hata kindoo. Na viwiko visipande juu ya mabega mpaka yeye mwenyewe aseme. Alilirudia hilo, ingawa hapendi kurudia. Pale kwapani, akasema, ndipo mshono huwa dhaifu zaidi, na ndipo watu wakaidi hujifungua.

"Nani atakuhudumia?"

"Mdogo wangu wa Geita, siku kumi. Halafu mume wangu, akitoka zamu ya ufundi wa magari mgodini Bugarama."

Akawaandika wote wawili. Baba mkwe hakuandikwa popote.

Siku yenyewe daktari alinisimamisha asubuhi nikiwa nimetanua mikono, akanichora kwa kalamu, akarudi nyuma, akatazama, akachora tena. Nikalala kwenye kitanda cha chumba cha upasuaji, nikapigwa nusu kaputi, nikaanza kuhesabu, na sikumbuki kama nilivuka tano. Nilipoamka mikono yote miwili ilikuwa juu ya mito, imefungwa bandeji. Niliogopa maumivu, nayo yalikuja, lakini yalivumilika kwa dawa. Kilichonishinda ni ule mvuto. Nilihisi nimevalishwa ngozi ya mtu mdogo kuliko mimi. Mirija ilitolewa, nikaruhusiwa, nikarudi Shinyanga nimeketi kiti cha nyuma, mito kwapani, nikimkaripia dereva kwa kila shimo.

Kuna mambo daktari hakunieleza, labda kwa sababu yeye hajawahi kukatwa. Mtu asiyeinua viwiko hafungi kanga vizuri. Hajikuni kichwa. Halali ubavu. Hatoi kikombe rafuni, hafungui komeo la juu la mlango, haaniki hata kitambaa. Mdogo wangu, ambaye Geita anauza samaki kwa wachimbaji na ana ulimi wa biashara hiyo, alinisugua mgongo asubuhi na jioni akinitania. "Dada, umelipia kukatwa mikono, na bado unayo miwili. Wamekuibia."

Siku ya pili tangu turudi tulisikia honi getini. Ilikuwa kirikuu ya mizigo, na nyuma yake amesimama ng'ombe wa maziwa, mweupe mwenye mabaka mekundu, ametulia. Kando yake, ameshika fimbo, baba mkwe. Alikuwa amesikia kijijini kwamba nimelazwa Mwanza na nimerudi na bandeji. Hakuuliza nilichofanyiwa. Alichukua ng'ombe aliye bora zizini akaja naye mjini, kwa sababu mkwe aliyekonda anatakiwa kunywa maziwa. Alimfunga chini ya kibanda cha kuni, akamwambia mdogo wangu kwamba ng'ombe hajazoea mji, hivyo yeye atakaa chumba cha uani mpaka atakapozoea.

Watoto wetu wote wawili walikuwa shule za bweni. Hapakuwa na mtu wa kutumwa. Mdogo wangu alimfaa siku mbili za kwanza, lakini yeye anaongeza chumvi kwenye ujumbe, na mzee akagundua. Asubuhi ya tatu nilimsikia nje ya dirisha langu anamwambia ng'ombe, kwa sauti ya kunifikia:

"Wewe. Ukiletewa maziwa, unywe yote. Usimwachie paka."

Nilisogea dirishani. Kisha na mimi nikamwambia ng'ombe, kupitia wavu wa dirisha, "Wewe ng'ombe, mwambie mwenye mali kwamba maziwa yako ni mazuri na daktari wa Mwanza ameyasifu. Ila nani ametia sukari? Sitaki sukari."

Fimbo yake ikagonga ardhi mara moja. Halafu, "Ng'ombe huyu ana kiburi. Lakini nimesikia."

Nililia, naandika bila haya. Mzee alikuwa ameanza kusema tena.

Basi tukaendelea hivyo, na ng'ombe akawa na maisha ya ajabu. Aliambiwa ameze dawa. Aliulizwa kama usiku amelala. Siku moja alielezwa kwa urefu, na mimi, kwamba hakuna ugonjwa wowote, kwamba mkwe alipungua kwa kutembea na kwa kupenda kwake, kwamba katika nyumba hii hajawahi kukosa chakula, na kwamba kilichokatwa ni ngozi iliyobaki tu. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nimempa mzee mgongo, na ng'ombe anatafuna. Mzee alifikiri sana. Mwishowe akamuuliza ng'ombe, "Sasa ngozi hiyo, wameipeleka wapi?"

Siku ya kumi mdogo wangu alipigiwa simu kwamba mwanawe ana malaria, amelazwa. Ilibidi aondoke siku hiyo hiyo. Mume wangu alikuwa afike kesho yake, kwa hiyo hatukuogopa. Kabla ya kwenda aliniambia nisimame wima ukutani. Akaja na fimbo ya mzee, akaisimamisha kando yangu, akaichora mstari wa mkaa usawa wa bega langu.

"Ni nini hiki?"

"Mzee ameagiza."

"Kwetu mtu mgonjwa akipimwa urefu ni kwa jambo moja tu."

"Nyamaza, dada," akasema, akanibusu paji la uso, akaenda stendi.

Kesho yake mume wangu akapiga simu. Mwenzake wa kupokea zamu hakufika, kwa hiyo lazima abaki siku mbili zaidi. Jirani yetu, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, akakubali kuja kila asubuhi kunisaidia kuoga na kuvaa kabla ya kufungua duka. Saa zilizobaki tulikuwa watatu: mimi, mzee na ng'ombe.

Siku ile kuanzia saa tatu nyumba iligongwa nyundo. Niliita, "Wewe ng'ombe, kuna nini huko?" Ng'ombe hakuambiwa lolote. Ikagongwa hadi adhuhuri. Hasira zikanipanda, nikatoka chumbani nikiwa nimekaza midomo, tayari kusema na ukuta kama ilibidi.

Rafu ya vikombe ilikuwa imeshuka usawa wa kifua changu. Chumvi, majani ya chai na chombo cha mayai vilikuwa juu ya kigoda. Komeo la mlango wa uani lilikuwa limeng'olewa juu na kupigiliwa chini, na alama za misumari ya zamani zilionekana wazi. Kamba ya nguo uani ilikuwa imeteremshwa mpaka ng'ombe akawa anakwaruza mgongo wake juu yake. Taulo, kioo, swichi ya taa ya jikoni iliyofungiwa uzi ili nivute kwa chini. Kila kitu cha nyumba yangu kilikuwa kimeshuka chini ya mstari wa mkaa. Mzee alikuwa kibandani amenipa mgongo, anafuta nyundo.

Nilitaka kusema asante. Badala yake, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, kitu kilinichoma. Niliwaza darasa langu na nusu ya chini ya ubao. Nilikuwa nimekwenda Mwanza kukatwa ili niandike juu, na sasa dunia yote inaletwa chini kwangu. Nikarudi chumbani bila kumwambia ng'ombe neno. Nakiri hilo lilikuwa kosa la kwanza.

La pili lilikuja siku iliyofuata, kwenye saa nane mchana. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelowa majimaji, nikataka bandeji safi. Bandeji zilikuwa kwenye mkoba juu ya kabati, mdogo wangu aliziweka huko zisipate vumbi. Nyumba nzima ilikuwa imeshushwa isipokuwa chumba changu cha kulala, kwa sababu huko mkwe haingii. Ningeweza kumsubiri jirani. Ningeweza kukanyaga kigoda. Nilisema moyoni kwamba mimi ni mtu mzima na kabati ni langu, nikainua mkono.

Sikusikia maumivu makali. Nilisikia kitu kinaachia kwapani, kisha umajimaji wa moto ukashuka mbavuni. Nikatazama, ni damu. Nikakaa sakafuni. Simu ilikuwa juu ya kitanda, ng'ambo ya chumba, na chumba kilianza kuzunguka.

"Baba," nikaita. Sikumwita ng'ombe. Nilimwita yeye.

Nikasikia hatua zake zikija mbio, zikasimama nje ya mlango. Mlango ulikuwa wazi, nikaona ncha ya fimbo yake na vidole vya miguu yake, vimesimama pale pale kwenye kizingiti. Akauambia mlango, "Nini?"

"Kidonda kimefunguka. Natoka damu."

Vidole vile vilibaki pale kwa muda ambao siwezi kuupima. Kisha akavivusha.

Aliingia akitazama dari. Alivua shuka lake begani, akanifunika nalo mabega, akanizungushia, ili mikono yake ishike shuka na si ngozi yangu. Akaninyanyua mtu mzee yule. Kilo sabini na nne, si mchezo, na nilifikiri, nikiwa katika kizunguzungu, kwamba ni bahati yake hakukuta zile mia na ishirini na sita. Barabarani alisimamisha bajaji kwa kuiwekea fimbo mbele.

Hospitalini muuguzi alinilaza, akaangalia, akasema si mbaya, ni pande dogo la mshono wa kwapani limeachia, litasafishwa na kufungwa, litapona polepole kutoka ndani. Akamtazama mzee aliyekuwa amegeukia ukuta.

"Wewe ni nani wake?"

Kulikuwa na jibu la kweli, nalo lingempa ruhusa ya kutoka nje. Mzee aliuambia ukuta, "Baba yake."

"Basi baba, njoo mshikie mkono huu uwe hivi, nisafishe."

Akaja. Alikunja pindo la shuka mara mbili katika viganja vyake, akaupokea mkono wangu, akaushika, uso wake umeelekea dirishani. Hakuuachia mpaka muuguzi alipomaliza.

Kesho yake jioni mume wangu alifika. Asubuhi iliyofuata chumba cha uani kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa ameondoka bila kuaga, amemwacha ng'ombe, na pale mlangoni ameacha fimbo yake. Mzee wa Kisukuma kusahau fimbo si jambo dogo. Mume wangu aliishika akauangalia mstari wa mkaa kwa muda mrefu.

"Ameona haya," akasema. "Ameingia chumbani kwa mkwe, amemshika mkwe. Anadhani amekuvunjia heshima."

"Ni mimi niliyemvunjia. Mimi niliyemwita."

"Mkae wenyewe mliamue hilo," akasema. "Mimi kazi yangu ni magari."

Wiki tano hakuja. Mume wangu alipompigia simu, mzee aliuliza jambo moja tu kila mara. "Ng'ombe anaendeleaje? Kidonda chake kimefunga?" Ng'ombe hakuwa na kidonda chochote. Nilikaa kando ya simu, nikasema kwa sauti, "Ng'ombe anasema kimefunga, na anauliza lini mwenyewe atakuja." Simu ikakatika. Nilianza kuogopa kwamba miaka yangu kumi na tisa imeishia sakafuni kwa sababu ya mkoba juu ya kabati. Mvuto ulikuwa umepungua, uvimbe umeshuka, kovu limekaa jekundu kama daktari alivyosema, kwapani pamefunga. Mikono yangu ilikuwa mizuri. Nami sikuwa na raha nayo.

Ndipo mume wangu akanieleza jambo ambalo angenieleza mapema kama asingekuwa mtu wa magari. Katika ukoo wao, anayevunja mwiko wa ukwe huleta mbuzi. Mbuzi akiliwa na pande zote mbili, haya imekwisha, na ukwe wenyewe unalegea. Nikamwuliza kwa nini baba yake hajaleta. Akasema labda anangoja kusikia kama nitampokea.

Sikungoja asikie. Jumamosi iliyofuata tulinunua beberu mnadani, tukamfunga uani ili kesho yake twende naye kijijini. Wiki ile ile daktari wa Mwanza alikuwa amenitazama kwapani, akasema ninaweza kuvua ile mikono ya kubana na kuanza kuinua mikono, taratibu.

Jumapili asubuhi, tukiwa tunatafuta kamba ya kumsafirishia beberu, geti likagongwa. Baba mkwe alikuwa amesimama hapo, hana fimbo, ameshika mbuzi jike mweusi kwa kamba. Alimwona beberu wetu. Beberu akamwona mbuzi wake. Mume wangu akaangalia mbuzi mmoja, akaangalia wa pili, akasema anakwenda kutafuta kisu, akaondoka upesi kabla hajaanza kucheka.

Tulimchinja beberu, yule jike tukamwacha aishi. Nyama ikaiva, ikaliwa, mzee sebuleni, mimi jikoni, kama kawaida. Baadaye alitoka akakaa kwenye kigoda karibu na ng'ombe. Nikaileta fimbo yake, nikaiweka chini mbele yake bila kumtazama, nikarudi nyuma. Akaichukua, akapitisha kidole gumba juu ya mstari wa mkaa.

"Ng'ombe," akasema, "nimeambiwa daktari ameruhusu mikono."

"Ng'ombe, mwambie baba ndiyo," nikasema.

"Nione."

Kamba ya nguo ilikuwa bado chini pale alipoishusha. Nikaifungua kwenye msumari wake. Nikasimama mbele ya nguzo, nimevaa gauni la mikono mifupi kwa mara ya kwanza tangu nipungue, makovu yangu yote mawili nje kwenye jua. Nikainua. Kwanza usawa wa bega, nikasimama hapo, nikahema. Kisha nikapita bega. Mvuto ulikuja, nikaungoja, ukalegea. Nikafika kwenye msumari wa zamani, ule wa juu, nikazungusha kamba mara mbili, nikaifunga, na kwa kuwa nilikuwa huko juu sikutaka kushuka. Nilibaki nimeinua mikono, naipapasa ncha ya nguzo.

"Inatosha, mayu," akasema mzee.

Mayu ni mama, na Wasukuma humwita hivyo hata binti wanayempenda. Lakini hilo nililifikiria baadaye. Wakati ule nilisikia tu kwamba sauti haikupitia popote. Nikageuka, naye alikuwa ananitazama, usoni, macho yake mekundu ya vumbi la njiani. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Kwa mazoea nikamgeukia ng'ombe.

"Mwambie baba nimemsikia," nikasema.

"Huyo mwache ale," akasema mzee. "Niambie mwenyewe."

Nikashusha mikono, nikaenda nikakaa chini kando ya kigoda chake, nikamwambia.